Bega la Bibi wa Kifaransa

Jumatatu, 1 Machi 1971
Basi limechelewa Stratford Road. Nimefika karakana ya kusafisha picha saa mbili na robo, Bwana Pell mwenye karakana keshanuna. Leo tena picha ya yule bibi wa Kifaransa, mke wa mtukufu fulani wa zamani. Vanishi juu yake imekuwa kahawia kama chai ya rangi. Pamba, spiriti, pangusa, tupa. Mwaka wa tatu huu wa kazi hii.

Jumatano, 3 Machi
Shali nyeusi aliyochorwa nayo bibi si yake. Rangi ya shali imeingia ndani ya nyufa za rangi ya zamani. Basi imepakwa baadaye sana. Nimejaribu kupangusa padogo, bega la kushoto. Chini yake ngozi, na ukingo wa lesi. Nimemwita Bwana Pell. Katazama kwa lenzi.
"Wewe pangusa tu, Salma. Kufikiri niachie mimi."

Ijumaa, 5 Machi
Mwenye picha kaja, mjane mwenye koti la manyoya. Bwana Pell kamwonesha bega. Kasema kaligundua yeye. Mimi nipo papo hapo na sinia la chai.

Jumapili, 7 Machi
Nimemweleza wifi yangu Mwanaisha, ninayekaa kwake.
"Nyamaza, wifi. Wenzio wanasimama viwandani kutwa."
Nimemkasirikia na yeye. Nimekasirikia hata masufuria.

Jumanne, 9 Machi
Mjane karudi. Kauliza walijuaje pa kuanzia. Bwana Pell kababaika: mara mwanga, mara uzoefu. Nikaweka pamba chini.
"Ni nyufa, bibi. Niliziona mimi Jumatano, nikamwonesha."
Mjane kanitazama, kisha akamgeukia Bwana Pell.
"Kiingereza chake kizuri."
Wakaendelea na habari za fremu.
Hilo ndilo lililoniunguza. Uongo wa Pell nimeuzoea. Nimevua aproni, nimeitundika, nimetoka. Kanifuata mpaka mlangoni, anauliza nani atamaliza kuiondoa shali. Nawachukia wote wawili.

Jumapili, 14 Machi
Mvua tangu asubuhi. Wifi hajanilaumu. Kanikatia mkate wa kumimina, kakaa karibu yangu, anashona.
Nimeandika barua ya kuomba kazi, karakana nyingine ya picha, Acocks Green. Mbili za mwanzo nimezichana, zilijaa hasira. Ya tatu fupi. Kuhusu ninachojua kufanya, nimeandika kwamba mwezi huu nimelifunua bega la bibi wa Kifaransa, la kushoto, lililokuwa limefichwa chini ya rangi.
Nimetia sahihi. Jina langu lote, mpaka la babu.