Kabla ya DVD Kufika

Kolovai, Tonga
4 Machi 2008

Kwa wifi yangu Kalolaine,

Salamu kwako na kwa wanangu wawili. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Ninyi je? Baridi ya Auckland imeanza?

Nimesikia kwa mke wa mchungaji, wala si kwako, kwamba ile filamu ya mgomo wetu wa wafanyakazi wa serikali imeonyeshwa huko, na kwamba ulikaa mstari wa mbele na gauni jipya. Hongera. Lisiate tumemzika mwaka jana tu, mimi ndiye niliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, na habari za filamu yake nazipata kwenye foleni ya mkate!

Sinema ya mjini imekataa kuionyesha. Wakubwa wamenuna, mchungaji ameihubiri vibaya bila kuiona, kwa hiyo sasa kila mtu anaitaka. Wanasema itatoka kwenye DVD. Nimeshanunua deki. Usisahau kwamba yule Mzungu mwenye kamera, Philippa, alikaa kwangu mchana kutwa ananihoji. Niliomba ruhusa kazini, hospitali nzima ikajua, nikajifunga kiunoni, kwa heshima kama desturi yetu, ule mkeka mzuri wa marehemu mama. Nimewaambia watu wa kanisa tutaitazama ukumbini: Jumatatu wanaume, Jumanne wanawake, kaka na dada wasije wakakutana mbele ya filamu kama watu wasiolelewa.

Niambie basi. Mimi natokea wapi, mwanzo au mwisho?

Siosiana,
dada wa pekee wa Lisiate


Mangere, Auckland
29 Machi 2008

Shikamoo wifi,

Pole na goti. Wasichana wanakusalimu shangazi yao, wazima, wanakula kama mchwa. Mimi naendelea na kazi ya usafi uwanja wa ndege, mgongo unalalamika lakini unaamka.

Lile gauni si jipya, mwambie mke wa mchungaji avae miwani. Filamu ni ndefu na nililia sana, sikumbuki nani katokea wapi. Mimi nimo. Lisiate yumo karibu yote. Anawaimbisha walimu wenzake pale bustanini walikogomea, anawaiga wakubwa wanavyotembea, anacheka mpaka anashika mbavu. Ungemwona, wifi! Ila ndiyo hivyo, alipokuwa hai mwiko wa kaka na dada ulikukataza kukaa naye akicheka, na sasa sijui mambo yakoje. Labda umuulize mchungaji kama mwiko unakwisha mtu akifa.

DVD bado haijatoka. Ikitoka nitakuletea.

Kalolaine,
mke wa Lisiate


Kolovai
20 Aprili 2008

Kalolaine,

Nimepokea salamu zako. Sisi wazima. Ukumbi umeshafagiliwa.

Wewe unifundishe mimi mwiko? Tangu alipotimiza miaka kumi akahamishiwa kibanda cha wavulana, sijakaa na kaka yangu chumba kimoja. Akinisikia tu naingia uani anakata kicheko katikati, wenzake wananyamaza, mimi napita na heshima yangu kama jeneza. Hiyo heshima yote nimeibeba mimi. Kicheko umepewa wewe, mezani, kila siku, bure.

Ndiyo, naona wivu. Nakuandikia waziwazi usije ukasema hukujua. Msibani nilikaa kichwani pake, ndicho cheo cha dada, wewe ukakaa chini na mkeka wako uliochakaa, na binti zako niliwakata nywele kwa mkasi wangu. Watu walisema, tazameni Siosiana alivyo mkubwa. Nilikuwa namtazama uso, Kalolaine. Ilibidi afe ndipo nimtazame nishibe.

Kwa hiyo niambie DVD inatoka lini. Na unijibu swali langu, mwanzo au mwisho?

Dada yake


Mangere
2 Juni 2008

Shikamoo wifi,

Tunaendelea salama. Mdogo alikuwa na kikohozi, kimepungua. Natumaini goti limetulia.

DVD bado. Nimeuliza dukani, wanasema wanangoja ruhusa. Usipange mambo ya ukumbini mapema, watu wasije wakachoka kungoja.

Ni mimi,
Kalolaine


Kolovai
11 Julai 2008

Kalolaine,

Afya yangu waachie madaktari.

Binamu yake mke wa mchungaji ameinunua hiyo DVD pale gulioni Otara, huko huko kwenu Auckland. Mwezi wa tano! Ameinunua kwa yule Msamoa anayeuza soksi. Mwezi wa sita wewe unaniandikia "wanangoja ruhusa". Ruhusa ya nani? Yako?

Najua unachofanya. Unakaa nayo sebuleni, unamtazama kila jioni, unarudisha nyuma, unamtazama tena. Mlipohamia huko baada ya mgomo uliondoka naye, akarudi kwetu kwenye sanduku tu. Sasa hata picha yake unaikalia.

Au mimi simo? Kama simo, sema. Kanisa zima linajua nimo. Nimewaeleza mpaka maneno niliyosema. Juzi mzee mmoja amenipisha kwenye benchi kwa sababu ya filamu ambayo hajaiona. Kama nimekatwa, heri nisikie kwako kuliko nisikie ukumbini watu wakikohoa.

Siosiana


Mangere
24 Agosti 2008

Wifi Siosiana,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili.

DVD iko ndani ya bahasha hii, nimeifungia kwenye soksi za yule yule Msamoa.

Haya, nakujibu. Humo. Mchana kutwa ule wote wameukata. Kimebaki kiwiko chako na saa yako ya kiuguzi, unammiminia Philippa chai. Kiwiko kinapita, basi. Pole, wifi. Ule mkeka wa mama hauonekani hata ncha.

Lakini si hilo lililonifanya nikae nayo, na usifikiri nilikuwa nakuhurumia. Mimi nimo, nilikwambia. Unaonekana mgongo wangu tu, nyuma ya Lisiate pale bustanini. Namenya majimbi na kumfokea mbwa, watu ukumbini wakacheka. Halafu Philippa anamuuliza Lisiate, wewe una mke na watoto, kwa nini unahatarisha kazi yako? Nikajiweka sawa kwenye kiti. Nikajua sasa atanitaja mimi.

Akasema hivi. Nimeyasikia mara nyingi mno, nayajua kwa moyo:

"Dada yangu ni muuguzi. Nilipokuwa mvulana alikuwa anarudi zamu alfajiri, anapita nje ya kibanda changu, anavua viatu anavishika mkononi asiniamshe. Nami nilikuwa macho, namngoja apite. Hakuna mtu ninayemjua kidogo kama yeye, na hakuna ninayempenda zaidi. Siwezi kukaa naye nikamwambia. Basi nikae hapa bustanini mpaka alipwe haki yake."

Hakuna ninayempenda zaidi, wifi. Mimi nimelala ubavuni kwake maisha yangu yote ya utu uzima, nimemfulia, nimemzalia, nimemshika mkono hospitalini, na nilikuwa hatua tatu nyuma yake na jimbi mkononi alipolisema hilo. Nilikuwa namfokea mbwa, sikusikia. Nikaja kusikia Auckland, gizani, watu wakipiga makofi.

Wewe ulinionea wivu kwa kicheko. Mimi nimekuonea kwa hilo. Nilitaka nikuache usilijue kabisa. Sasa unalo, uwaonyeshe Jumatatu na Jumanne, wakusogezee mabenchi yote.

Kalolaine


Kolovai
19 Oktoba 2008

Wifi yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wasichana. Kikohozi cha mdogo kimeisha? Mchemshie majani ya mchungwa. Goti langu ni lile lile.

Umesubiri jibu, najua. Nilikuwa siwezi kuandika.

DVD ilifika. Nilikaa na bahasha mapajani nikawaza, nikiiweka kwenye deki nikaketi mbele yake, nitakuwa nimeketi chumba kimoja na kaka yangu. Mke wa mchungaji anasema marehemu hana mwiko. Lakini mimi ninao. Sikuweza kumfanyia hivyo, aanze kucheka halafu ageuke anikute nimekaa pale.

Basi nikamwambia mke wa mchungaji abonyeze, kisha atoke akaangalie kuku. Mimi nikakaa nje, nikaegemea ukuta, chini ya dirisha, nikasikiliza kila kitu. Nilisikia mbwa. Nilikusikia wewe unamfokea, nami nikacheka, maana mbwa yule alistahili. Nikamsikia anavyocheka bila kukata katikati. Kumbe alikuwa anacheka kama baba.

Halafu akasema habari za viatu. Alikuwa macho, Kalolaine. Miaka yote ile nilitembea pekupeku kwenye umande nikidhani nimemwacha alale.

Ukumbini nimewaambia deki imeungua. Wamenuna, wengine wanasema naringa, wacha waseme. Mkeka wa mama nimeurudisha sandukuni. Aliyosema yeye yananitosha, kiwiko hakinidhuru.

Lakini limebaki jambo moja. Aliposema "hakuna ninayempenda zaidi", kabla ya kuendelea alinyamaza. Nimerudi tena na tena chini ya lile dirisha, kila mara ananyamaza, na mimi sijui anafanya nini hapo. Anatazama chini? Analia? Anageuka kuwatazama ninyi pale nyuma, kwenye majimbi? Mke wa mchungaji alijitolea kuniangalizia nikamkatalia. Uso huo si wa kuambiwa na jirani.

Njoo Krismasi na wasichana. Nitakufungulia chumba, ukae mbele ya deki peke yako, na mimi nitakuwa pale nje. Akinyamaza, niambie anafanya nini. Kama anakutazama wewe, niambie hivyo hivyo, usinifiche. Nitaona wivu kidogo, kisha tutakula.

Wifi yako,
Siosiana