Beji Aliyozikwa Nayo Baba

Sliven, 22 Machi 1998

Dada yangu mpendwa Rositsa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Mguu unaendeleaje? Mama anasema usithubutu kuiacha fimbo mpaka daktari aseme, maana anakujua ulivyo mbishi. Sisi hatujambo, ila yeye bado anapika chakula cha watu wawili, halafu ananiita nikamalizie. Juzi yalikuwa maharage na pilipili kavu, nikala mpaka kuinuka ikawa kazi.

Uliniandikia kwamba tumtafutie Kanali Genadi, rafiki wa Baba tangu chuoni, zawadi nzuri kwa lile alilomfanyia Baba siku ya mazishi. Nimekaa na barua yako wiki tatu.

Unaujua ugonjwa wangu wa beji. Ninazo mia mbili na kumi na nne za waliohitimu vyuo vya kijeshi enzi za Chama cha Kikomunisti, za marubani, za wanamaji, za vifaru, zote nimezipanga kwenye kitambaa chekundu. Wenzangu tunaobadilishana nao bustanini kila Jumapili hunitania kwamba iko siku nitambandua marehemu beji kifuani, nami hucheka nao. Iliyokuwa ikinikosesha raha ni moja tu, ya chuo cha mizinga, ya mwaka aliohitimu Baba. Nilimwomba miaka kumi. Alinijibu kila mara kwamba hakusota kwenye matope ili beji yake ikalale kwenye kabati la mtu asiyejua hata kupiga saluti, na kwamba atazikwa nayo.

Alipofariki, Mama alinikabidhi sare na beji nimvalishe mimi.

Kanali alipokuja kumuaga, alimbusu kwenye paji la uso, akaweka kiganja kifuani pake upande wa kulia. Akaipapasa beji. Kisha akafungua nati ya beji yake mwenyewe, akaitoa kwenye koti, akamfungia Baba. Ile ya kwanza akaitia mfukoni. Mama aliangua kilio, akamwita ndugu. Watu wakasema jamani, wamebadilishana, huo ndio urafiki wa askari. Hayo ndiyo uliyosimuliwa.

Hawakubadilishana, dada. Ile aliyoikuta kifuani ilikuwa ya bandia. Niliwahi kuuziwa mimi mwenyewe kwa kudanganywa, nikaona marehemu hatajua tofauti. Ya Baba ilikuwa tayari kwenye kitambaa changu tangu asubuhi. Kanali aliitambua kwa vidole tu, kwa kuwa ya Baba imemeguka pembeni tangu siku waliyohitimu, walipoiangusha wakicheza ngoma ya duara uwanjani. Akaona heri akose yake kuliko rafiki yake ashuke kaburini na uongo kifuani.

Pale getini pa makaburi alinitilia ile ya bandia kiganjani. Hakuniita mwizi. Aliniambia nimpe Mama ile ya kweli na nimweleze kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwamba yeye hatasema neno. Nilitamani anizabe kofi.

Siku ya arobaini alikuja kula nasi ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, koti lake likiwa na tundu tupu. Mama akamuuliza kama anaitunza vizuri ile ya Baba. Akajibu kwamba anaitunza sana. Mzee yule, Rositsa, nimemfanya aseme uongo mbele ya picha ya Baba.

Nimekwenda kwa Mama mara nne kumwambia. Ananipakulia, nakula, naondoka. Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo ninaponyoa.

Pasaka Mama atakuja kwako. Beji ya Baba imo humu kwenye bahasha, nimeifunga kwa pamba. Mpe, kisha umsomee barua hii yote, usiruke mstari. Najua Kanali alisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Hata hilo limenishinda.

Msalimie shemeji, na mguu uutunze.

Mimi mdogo wako,
Plamen