Mama, Wanasema Hukubatiza

Mama yangu uliyelala Gulwe,

Shikamoo, huko huko uliko. Leo nakuandikia nina hasira, na tafadhali usinikemee.

Mjukuu wako Esta anataka kubatizwa. Ndiyo, Esta huyo huyo uliyembatiza kwa mkono wako! Anasoma chuo kule Chimwaga, kapata kikundi cha maombi. Juzi tunachambua mchele hapa nyumbani Area D, akaniambia: "Mama, ule haukuwa ubatizo. Nilikuwa kichanga, sikuamini chochote. Jumapili nazamishwa, naomba uje."

 

Unakumbuka masika yale? Mapacha wangu, Esta na Danieli, walizaliwa kabla ya wakati, mto umefurika, mchungaji yuko ng'ambo. Danieli akaanza kubadilika rangi. Nikapiga yowe, ukaniambia, "Nyamaza, shika kichwa chake." Ukachota maji kwa kikombe cha bati, ukawabatiza wote wawili kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Danieli alifariki mchana ule ule, tukamzika wenyewe.

Maji yalipopungua mchungaji akaja. Nilidhani atambatiza Esta upya, maana wewe ulikuwa mkulima wa karanga tu. Akakuuliza ulitumia nini na ulitamka nini, ukamjibu. Akasema, "Imetosha, mama. Aliyebatiza ni Mungu, hatuwezi kumwambia arudie." Kisha akaenda kuliombea kaburi la Danieli kama la Mkristo yeyote. Maneno yale yamenibeba miaka yote hii. Mwanangu hakujua hata kunyonya, achilia mbali kuamini, na bado Mungu alimpokea.

Basi nikamuuliza Esta, "Na Danieli je? Kikombe kilikuwa kimoja."

Akasema Mungu anawahurumia watoto wachanga.

"Kama yeye hakudaiwa imani kwanza, wewe unadaiwa ya nini?"

Akalia, nikalia na mimi. Mchele tukaupika na mawe yake.

Wazee wa usharika wameshanionya: akirudia ubatizo, haruhusiwi Meza ya Bwana mpaka atubu arudi kundini. Hilo linaniuma, ila silo linaloninyima usingizi. Kwa Esta huku ni kuanza upya. Kwangu ni kwenda Gulwe na kusema juu ya kaburi kwamba aliyemo alimwagiwa maji tu, basi.

Ungekuwepo ungemkalisha chini, angekusikia. Mimi hanisikii.

Asubuhi hii nimemwambia siendi. Danieli nilimzika akiwa Mkristo, na sitasimama mahali nikashuhudia anavuliwa Ukristo wake, hata kwa ajili ya dada yake. Esta akavaa viatu akatoka bila kuaga. Sasa ni jioni, mama. Ndiye mtoto pekee niliyebaki naye, na simu yangu hapokei.

Pumzika kwa amani, uniombee.

Binti yako