Jibu la 200 Katika Mfumo wa Damu

KITUO CHA POLISI, PIASSA, ADDIS ABABA
Shahidi: Mahlet Abebaw, miaka 31, mwandishi wa programu, mkazi wa Gulele.

Nilianza kazi mwaka 2011 kwa mzee Zeleke, tuliyemwita Gashe kwa heshima, katika chumba kimoja juu ya duka la kahawa. Harufu ya buni zikikaangwa ilitupandia kupitia sakafu. Siku zile tulikuwa wawili tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kontrola, yaani sehemu ya programu inayopokea ombi na kulijibu kwa namba. 200 ni limefanikiwa. 404 ni hakipo. Nikikosea alipiga meza: "Wee Mahlet! Kitu hakipo, unasema kipo? Unamwonea nani haya? Sema 404, mwanangu, tukanywe kahawa!" Sijacheka tena kazini kama nilivyocheka mle.

Mwaka 2017 tulitengeneza mfumo wa hospitali kuomba damu. Gashe aliandika kwamba ombi lisipohifadhiwa, jibu liwe 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, na juu ya jibu uwepo mstari unaosema: jaribu tena baada ya sekunde thelathini. Jibu hilo likitoka, skrini ya hospitali iligeuka nyekundu; 200 ikitoka, kijani.

Mnamo tarehe 12 Machi 2018, saa nne asubuhi, Gashe akiwa Dessie msibani, meneja wetu Fasika alikuja mezani kwangu. Alisema, "Wageni wanakuja kukagua. Sitaki wekundu. Weka 200 kila mahali." Nikamwambia Gashe atakasirika. Akasema, "Gashe yuko hapa?" Nikabadilisha.

Tarehe 14 Machi, saa saba na robo mchana, Sista Tigist, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliomba kwa mfumo wetu chupa tatu za damu kwa mama aliyejifungua. Diski ya mfumo ilikuwa imejaa, ombi halikuhifadhiwa. Skrini ilimjibu kijani, akangoja. Saa nane na nusu alipiga simu benki ya damu. Wakamwambia, "Ombi gani, Sista?" Mama yule alifariki saa tisa kasoro dakika kumi.

Mmemkamata Gashe kwa sababu jina lake liko juu ya faili. Faili ni lake. Mstari wa kumi na nane, ule wa 200, ni wangu.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na kuyajua. Nimesomewa, ni sahihi.

(Sahihi) Mahlet Abebaw

Maelezo ya afisa: Shahidi alionywa kabla ya kutia sahihi kwamba maneno haya yaweza kutumika dhidi yake. Alisema anajua. Aliomba kumwona mahabusu Zeleke, nikaruhusu dakika tano. Alimweleza yote huku analia. Mzee akamuuliza kama amekula.
Inspekta Girma Wolde