Ndoa Yetu Iko Tarehe 19

Jumapili, 29 juin 2025
Leo Padri Emile ametangaza ndoa yetu mara ya kwanza. Zagabe na Olive, tarehe 19 juillet. Kanisa muzima ikageuza vichwa! Wote wanajua Zagabe iko infirmier, muuguzi, kule Shabunda tangu janvier, na tangu février mji wetu uko mu mikono ya waaskari wengine. Ndege hakuna. Barabara imekatwa na vita. Réseau ya simu kule inashika siku inapenda yenyewe.
Nyuma yangu mwanamuke mumoja alicheka. Iliniuma. Sikugeuka.

Jumatano, 2 juillet
Tonton Donatien, ndugu ya Baba, alikuya, Maman akapika chai. Nikajua: conseil, kikao ya familia. Tonton anataka tusogeze tarehe. Ao tuangalie pengine — kuko kijana Chrispin, anaishi Kampala, familia yake ni watu wa heshima. Ng'ombe za mahari ya Zagabe zinaweza kurudishwa. Maman alikuwa anaangalia kikombe yake tu.
Tonton akamaliza: «Olive, imani haifungue barabara.»
«Sijasema itafungua, Tonton. Nimesema tarehe 19 nitakuwa mahali nilisema nitakuwa.»
Akaniita kichwa ngumu. Ni kweli.

Jumapili, 6 juillet
Kabla ya misa Padri aliniita mu sacristie, chumba anavalia. Akasema kwa upole: Watu wanasema-sema, pengine tungoje vita iishe kwanza. Nikamuuliza: Padri, tangu wakati wa mababu Kanisa inaomba «ufalme wako ufike». Umefika? Nani aliiambia isogeze ile sala?
Akacheka kidogo, akavaa mavazi yake, akaenda kututangaza mara ya pili. Sauti yake ilipita ile ya mara ya kwanza.

Alhamisi, 10 juillet
Habari! Muchuuzi mumoja alimuambia Maman: alionana na Zagabe kule Mwenga, njiani ya kutoka Shabunda. Anakuya kwa miguu, pamoja na wachimba zahabu. Amekonda, viatu vimeisha. Nililia mbele ya muchuuzi bila haya.
Lakini iko na sehemu ya pili. Kutoka Mwenga kuya huku kuko barrière, kizuizi ya njia; vijana wanakamatwa kubeba mizigo ya waaskari. Wengine hawarudi tena.
Muchana nikaenda kanisani. Hakukuwa mutu. Sikupiga magoti. Nikasema na Mungu wima: Wewe ndiwe ulimuvusha pori, usimuachilie ku barrière. Sitajifanya niko tayari kwa kila kitu. Siko tayari. Nakutumainia, na nimekasirika. Pokea vyote viwili.

Jumapili, 13 juillet
Mara ya tatu. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 18 juillet
Tangu habari ya muchuuzi, kimya. Nimetoka soko, nakuta Maman iko ku mashine ya kushona anapunguza kiuno ya robe yangu ya ndoa. Na mimi nimekonda. Nikamuuliza kama sasa anaamini.
Akasema ninyamaze, nigeuke, anipime.

Jumamosi, 19 juillet
Naandika juu ya magoti, ku kiti ya bibi-arusi, mbele ya altare. Saa imefika. Zagabe hajafika. Padri amenieleza: bila bwana-arusi hakuna ndoa, lakini misa itakuwa. Nimesema basi tuanze na misa.
Kanisa imejaa. Wengine wamekuya kutazama haya yangu, najua. Watazame. Robe ni nyeupe, na inanikaa vizuri. Haya sina. Woga niko nao — mwingi, hata maandishi yangu siyasome vizuri.
Kiti ya pili, kando yangu, iko wazi. Sasa hivi Tonton Donatien ameingia, jasho tupu. Benchi zote zimejaa. Ametafuta nafasi, akaona ile kiti, akataka kuikalia.
Maman ameweka mukono juu ya kiti.
«Donatien, hapa kuko mwenyewe.»
Tonton amebaki wima. Chorale inaanza kuimba…