Fungu la Nne la Bi Salma

Kibokoni, Mombasa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umeketi, si umejitwika kuni. Mvua imeshafika huko Taita? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Bi Salma, mwenye nyumba wangu, amezikwa Ijumaa.

Unajua kazi yetu ni kupima presha, hapa Mji wa Kale na kwa makuli wa Kilindini. Daktari wetu aliwapanga watu wote, kuanzia mwenye presha ya chini kabisa hadi mwenye ya juu kabisa, akaukata mstari mafungu manne yenye idadi sawa ya watu. Kisha tukawafuatilia tuone kupooza kunawapata wepi. Hakuna fungu lililosalimika, lakini la nne limeumia kupita yote. Bi Salma alikuwa humo.

Nilimwambia mwenyewe, jikoni, akikaanga papa. Nikamsihi apunguze chumvi na aende akachukue dawa.

"Huko fungu la nne niko peke yangu?" akaniuliza.

"La, Bi. Ni robo nzima ya watu."

Akacheka, akajiongezea achari. "Basi wanitishiani? Mauti ya wengi arusi, mwanangu."

Nilikasirika, maana methali hiyo ni ya kuwaliwaza waliokwisha kufikwa. Baada ya Idi akaanguka akitawadha. Upande mmoja ukafa, mdomo ukaenda kombo. Nilimlisha uji kwa kijiko mpaka akashindwa kumeza.

Arusi sikuiona, Mama. Waliokuja matangani wamerudi makwao, na nyumba nzima nimebaki mimi.

Sasa dada Mghoi ameniandikia kwamba umeacha vidonge, eti kina mama wote wa kwaya wana presha na bado wanaimba. Ndilo fungu la nne hilo. Fungu halimtaji atakayeanguka, wala wingi wenu haukupunguzii wewe hatari hata chembe. Naogopa, Mama. Rudi zahanati, nakupigia magoti. Ukinikasirikia kwa kukufundisha, nikasirikie ukiwa hai.

Msalimie Baba, umwambie akusindikize. Msalimie Mghoi, wala usimgombeze kwa kunieleza. Shangazi naye mpe salamu zangu, akapimwe pia.

Kila nilipokuandikia, Bi Salma alipita nyuma yangu akasema, "Mamako msalimie sana." Leo nimeandika mpaka mwisho, hakuna aliyepita.

Mwanao,
Wakesho