Supu Iliyoangusha Zhongshan

Jumatano. Theluji ya kwanza imeanguka Minneapolis, nyepesi, ya kututania tu. Mimi niko sawa. Leo nimesimama mbele ya darasa nikaeleza habari za dola ya Zhongshan, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Zhongshan ilikuwa dola ndogo ya China ya kale, imebanwa na majirani wakubwa kila upande. Iliinuka, ikatekwa, ikasimama tena, mtawala wake akajiita mfalme kama wakubwa, halafu jirani mmoja akaimeza moja kwa moja. Lakini mimi nilikaa sana kwenye kisa kimoja kinachosimuliwa juu yake. Mtawala aliandaa karamu, supu ya kondoo ikapakuliwa, na mgeni mmoja haikumfikia. Akaondoka na hasira zake mpaka dola nyingine yenye nguvu, akaishawishi iivamie Zhongshan. Mtawala akakimbia.

Wenzangu walicheka. Mwalimu akaniuliza kama mtu mzima anaweza kweli kuanzisha vita kwa sababu ya supu.

Nikamjibu kwamba anaweza. Mimi ni mtu wa Mombasa, najua.

Darasani sikueleza ninavyojua, ila hapa nitasema. Siku ya Idd Kubwa nilitoka kazini Saint Paul, nikapanda treni, nikapanda basi, mpaka mji wa Crystal kwa Khala Zuhura, mdogo wake mama. Nikakuta masinia yameshaoshwa. Kwetu asiyekuwepo huwekewa chakula chake, sahani ikafunikwa, hata akija usiku. Mimi sikuwekewa. Khala akaniambia kuna mkate kwenye friji. Nikasema nimekula kazini, nikaondoka, na kwenye basi nililia.

Tangu siku ile sijakanyaga kwake. Wala sikuishia hapo. Kila Jumapili nyumba ya Khala ilikuwa inajaa binamu zangu na wanafunzi wa kutoka nyumbani, viatu vimerundikana mlangoni. Nikaanza kupika pilau Jumapili hizo hizo, kwangu. Pilau yangu ni nzuri, sifichi. Mmoja mmoja wakahamia kwangu wote, nami nikajiona mshindi.

Juzi binamu yangu Rukia ameniambia kwamba Khala siku hizi anapika kasufuria kadogo, anakula peke yake mbele ya televisheni. Habari hiyo haikunifurahisha kama nilivyotarajia.

Leo sasa, darasani, nikafika mwisho wa kisa changu. Mtawala alipokuwa anakimbia, watu wawili walimfuata na silaha zao kumlinda. Baba yao aliwahi kuwa karibu kufa kwa njaa, mtawala akamlisha.

Nikabaki naitazama karatasi yangu. Darasa likadhani nimesahau maneno.

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa nilifika na viatu vya wazi. Khala alinivua kijisweta changu, akanivika koti lake zito, na yeye akaenda kazini na jaketi. Kitanda chake nililalia mimi, yeye akalala kwenye kochi mpaka nilipopata pangu. Basi mimi ni yupi, mgeni wa supu au mmoja wa wale wawili?

Miezi yote hii nimekuwa mgeni wa supu. Nimemchoka.

Jioni nimempigia simu. Nimemwambia wazi kwamba siku ile sikuwekewa chakula na jambo hilo liliniuma. Akasema alinisahau kwa pirikapirika za wageni, na aliona nilivyoondoka, akaona haya kunifuata. Nikamwambia Jumapili nakuja, nawaleta wote, na upawa nitashika mimi.

"Njoo mapema basi," akasema. "Vitunguu havijikati vyenyewe."

Zhongshan iliwahi kuanguka ikasimama tena. Dola ya Khala itasimama Jumapili hii, sina shaka. Na kabla mtu yeyote hajala, nitapakua sahani moja, niifunike, niiweke kando kwa atakayechelewa.